Kusoma shahada ukiwa na miaka 41, ajira na watoto: njia ipi ni ya haki na isiyokausha mfuko?

Mtunza Ghala, Iramba

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mama wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka 41, na kazi yangu ni kutunza ghala la kiwanda kidogo cha kukamua alizeti wilayani Iramba, mkoani Singida. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2002 nikapata daraja la nne: C ya Kiswahili, na D za Historia, Uraia na Biolojia. Mwaka huohuo baba alifariki akaacha wadogo zangu wanne, na habari ya kusoma tena haikuzungumzwa nyumbani. Mwaka 2018 nilijilipia mwenyewe astashahada ya ununuzi na ugavi katika chuo kimoja cha binafsi. Nilifaulu, ingawa huko ndiko nilikojifunza kwamba ada inayoandikwa kwenye tangazo na fedha inayotoka mfukoni ni vitu viwili tofauti. Kulikuwa na fedha ya mtihani, ya kitambulisho, ya mahafali, na hata mchango wa ukarabati wa jengo ambalo sisi wa masomo ya jioni hatukuwahi kuingia.

Sasa kiwanda kinapanuka, na mwenye kiwanda amenieleza bila kuficha kwamba atakayeshika nafasi ya msimamizi wa ununuzi ni lazima awe na shahada. Kazi yenyewe ninaifanya tayari, ila kwa mshahara wa mtunza ghala. Kijana aliyeletwa mwaka jana na shahada yake, mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kusoma leja ya magunia. Simsemi vibaya, ni kijana msikivu, lakini mtaelewa kwa nini nimeanza kutafuta chuo.

Ningependa kujua, kwanza, kama mtu ambaye hakupita kidato cha tano na cha sita anaweza kufika shahada bila kurudi kukaa darasani na watoto wa rika la mwanangu wa kwanza. La pili ndilo linaloniumiza zaidi. Nimesoma miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya miaka ya karibuni, nikakuta kwamba mwombaji asizidi umri wa miaka 35, asiwe na ajira rasmi, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Masharti yote matatu yananitupa nje, na hata nikiipata stashahada leo nitakuwa nimelitimiza moja tu, huku la umri likizidi kunikimbia. Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, yanasema katika shabaha ya 4.3 kwamba ifikapo mwaka 2030 wanawake wote na wanaume wote wapate kwa usawa elimu ya ufundi na elimu ya juu, ikiwamo ya chuo kikuu, iliyo bora na ya gharama wanayoimudu. Hayakusema "vijana wote". Je, mambo ndivyo yalivyo duniani kote, au ni hapa kwetu tu?

Mwalimu Mstaafu, Dodoma

Dada Mtunza Ghala, pole na hongera kwa pamoja. Nimefanya kazi ya elimu ya watu wazima kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo niruhusu nianze na lile linaloweza kukusaidia kesho asubuhi. Malalamiko yana wenyewe, na nina hakika watafika.

Njia ipo, na kwa matokeo yako haipiti kidato cha sita. Vyuo huangalia kwanza ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, nawe unayo manne kamili bila hata moja la akiba, kwa hiyo kitunze cheti hicho kama hati ya shamba. Astashahada yako, ikiwa ilikuwa ya ngazi ya 4 katika mfumo wa tuzo za ufundi (NTA) na chuo kilikuwa na usajili wa baraza la elimu ya ufundi ambalo leo linaitwa NACTVET, inakuwezesha kuingia ngazi ya 5 na kumalizia ngazi ya 6, yaani stashahada, kwa kawaida ndani ya miaka miwili. Ukihitimu kwa GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inakuruhusu kuomba shahada moja kwa moja. Ukiangukia chini ya hapo lakini hukushuka chini ya 2.0, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi ambayo wengi huiita faundesheni, na ukiifaulu kwa kiwango kinachotakiwa mlango unafunguka tena. Wapo wanaotangaza kwamba faundesheni peke yake, juu ya cheti cha kidato cha nne, inamfikisha mtu kwenye shahada. Usiwasikilize, kwa maana TCU huitaka iambatane na sifa nyingine kama vile stashahada au cheti cha ngazi ya 5, na nimewahi kuona watu wazima wakilia mbele ya dirisha la udahili kwa sababu ya tangazo kama hilo.

Ipo pia njia ya kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana kazini, ambapo mwombaji hukusanya jalada la ushahidi wa kazi alizofanya na kufanyiwa mitihani. Wenye umri wangu wataikumbuka kwa sura yake ya zamani, ule mtihani wa watu wazima wa kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa fani yako kuna jambo jingine ambalo watu husahau: Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, ina mitihani yake ya kitaaluma yenye ngazi zake, na mtu aliye kazini anaweza kujisomea na kuifanya. Muulize mwenye kiwanda kama anachotaka ni karatasi ya chuo kikuu au ni mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi. Majibu yao huwa yanashangaza.

Kuhusu kukaa na watoto wa rika la mwanao, ondoa shaka. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, Profesa Geoffrey Mmari akiwa makamu mkuu wake wa kwanza, kwa ajili ya watu wa aina yako hasa: unasajili masomo unayoyamudu, unalipia hayo uliyoyasajili, unasoma ukiwa kwako, na unakwenda kituo cha mkoa kwa vipindi vya ana kwa ana na kwa mitihani. Hapo ndipo ninapotaka upige hesabu kwa makini, kwa sababu ada huwa ndogo kuliko wanavyodhani watu, na mengine yote huwa makubwa kuliko wanavyodhani. Andika nauli ya kutoka Iramba hadi Singida mjini na kurudi. Andika gesti kwa majuma ya mitihani, bando la intaneti, na siku ambazo mshahara utakatwa. Andika pia atakayebaki na watoto, maana hata akiwa shangazi yao hataondoka mikono mitupu. Katika miaka yangu yote, wanafunzi niliowaona wakiacha masomo kwa sababu ada iliwashinda walikuwa wachache kuliko walioacha kwa sababu bosi alikataa kutoa ruhusa juma la mtihani.

Mlipakodi, Mwanza

Nitasema ambalo wengi hawatapenda kulisikia. Kasungura ni kadogo. Kila mwaka wapo vijana wa miaka 19 na 20, watoto wa wakulima na wa wajane, waliofaulu vizuri kidato cha sita na hawana hata shilingi ya nauli ya kufika chuoni. Wengine hukosa mkopo, wengine hupata wa nusu. Katika hali hiyo, mtu aliyekwisha ajiriwa, anayepokea mshahara kila mwezi, anapodai apangwe foleni moja na yatima aliyemaliza shule juzi, mimi naona ni dhuluma inayojiita usawa. Dada yetu nampongeza kwa bidii, lakini fedha ya umma ielekezwe mahali ambapo itazaa kwa miaka arobaini, si kwa kumi na tisa iliyobaki kabla ya kustaafu. Hilo la umri halikuwekwa kwa chuki, liliwekwa kwa hesabu.

Karani wa Mishahara, Morogoro

Ndugu Mlipakodi, hesabu ndiyo kazi yangu, basi tuifanye pamoja.

Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika wa mkopo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 8. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha, na wanufaika wengi wakapumua. Sasa jiulize ni nani anayelipa deni hilo kwa uhakika. Kijana anayemaliza chuo leo anaweza kukaa miaka kadhaa bila ajira rasmi, akaendesha bodaboda, akauza nguo, akahama mkoa, na Bodi ya Mikopo ikawa inamtafuta kwa matangazo ya magazeti. Mtunza ghala wa Iramba yuko kwenye orodha yangu ya malipo, au ya karani mwenzangu, tangu mwezi huu. Anaweza kuanza kukatwa akiwa bado anasoma. Akipokea shilingi 600,000, asilimia 15 ni shilingi 90,000, na zitafika Bodi kabla hajauona mshahara wenyewe. Kwa mkopeshaji yeyote mwenye akili timamu huyu ndiye mdaiwa salama kuliko wote, naye ndiye tunayemwambia kwamba ajira yake ni kikwazo.

Jambo la pili halizungumzwi kabisa. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile tunayoiita SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara anayolipa. Sehemu ya fedha hiyo huenda VETA, na sehemu imekuwa ikielekezwa kugharamia mikopo ya elimu ya juu. Maana yake ni kwamba kila mwezi ninapopiga hesabu za mishahara ya watu kama dada huyu, ndipo linapochotwa fungu la kuwasomesha wengine. Silipingi fungu hilo, mwanangu mwenyewe ni mnufaika. Ninachouliza ni kwa nini mfanyakazi awe kipimo cha kutozea halafu asiwe na haki ya kuomba hata mkopo wa ada tupu, usio na fedha ya chakula wala ya malazi, wa kurejeshwa palepale kwenye mshahara.

Kuhusu ile miaka kumi na tisa, mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alipowasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano alisema kwamba ni lazima tuanze kuwaelimisha watu wazima, kwa kuwa watoto hawatagusa uchumi wetu kwa miaka mitano, kumi, au hata ishirini. Alikuwa na hesabu yake na wewe una yako. Miaka kumi na tisa ya mtu ambaye tayari yuko ghalani, na ambaye ujuzi wake unaanza kutumika siku ileile anapoupata, si michache.

Mwalimu Mstaafu, Dodoma

Karani amenikumbusha mengi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya" ambapo vikundi vya wanakijiji vilikaa kuizunguka redio na kisha kwenda kuchimba vyoo, na kwa takwimu rasmi idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka takribani asilimia 67 mwaka 1967 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Mwaka 1976 wataalamu wa elimu ya watu wazima kutoka sehemu nyingi za dunia walikutana Dar es Salaam kwa sababu walitaka kuona tulilokuwa tukilifanya. Sisi tulikuwa mfano.

Hata hivyo tusiipambe historia kupita kiasi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtu apitie kwanza kazini kabla ya kuingia chuo kikuu, na kwa maneno lilikuwa ndiyo haki yenyewe, mlango mmoja kwa wote. Lakini idadi ya wanawake ilishuka, kwa kuwa msichana aliyerudishwa nyumbani akasubiri alikuta ameolewa na ana mtoto, na haukupita muda mrefu sharti hilo likaondolewa kwa wanawake. Ninalitaja kwa sababu kanuni inayowapima watu wote kwa kipimo kimoja inaweza bado kumtupa nje yule ambaye maisha yake hayakupangwa kama ya aliyeiandika. Sharti la miaka mitano baada ya kidato cha sita ni la namna hiyohiyo. Anayelitimiza kwa urahisi ni yule ambaye hakuna aliyemfia, hakubeba mimba, wala hakuwa na wadogo wanne wa kulea.

Msoma Jioni, Nakuru

Hamjambo majirani. Kwetu Kenya mambo yamepanda na kushuka, na huenda yakamfaa dada kwa kulinganisha.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya kujilipia, yale tuliyoyaita "parallel", na kwa mara ya kwanza walimu wa shule za msingi, makarani na hata madiwani waliweza kuingia chuo kikuu jioni na wikendi. Mlango ulifunguka kweli, ila bei ilikuwa ya soko. Waliopita ni wale waliokuwa na shamba la kuuza au chama cha akiba na mikopo cha kuwakopesha. Vyuo vilinogewa na fedha hizo, vikafungua matawi hadi juu ya maduka makubwa, kisha mwaka 2016 mitihani ya kidato cha nne ilipodhibitiwa na waliopata C+ na zaidi kupungua hadi chini ya 90,000, serikali ikaweza kuwachukua wote kwa udhamini wake na ile biashara ikanyauka. Matawi yalifungwa moja baada ya jingine. Mtu mzima wa Kericho au Kisii aliyekuwa akisomea mjini kwake hakuulizwa.

Kuhusu mkopo, bodi yetu, HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilitenga mkopo uitwao Jielimishe kwa ajili ya walioajiriwa wanaoendelea na masomo. Riba yake ni kubwa kuliko ile asilimia 4 ya mkopo wa kawaida wa wanafunzi, na marejesho hukatwa kwenye mshahara, lakini mlango upo na hakuna anayekwambia kwamba kuwa na kazi ni dhambi. Mimi mwenyewe sikuuchukua, niliogopa riba, nikakopa kwenye chama chetu. Tangu Agosti 2023 tuna pia Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake kikiwa na makao Konza, na masomo yake hutolewa mtandaoni. Bado ni kichanga, kwa hiyo nitamwachia aliyesoma humo ayaseme ya humo.

Mfumo mpya wa ufadhili wa mwaka 2023, ule wa kuwapanga wanafunzi kwa makundi kulingana na hali ya familia, ulilalamikiwa sana, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba kabla ya suala hilo kwenda Mahakama ya Rufani. Katika kelele zote hizo, ilizungumzwa familia ya mwanafunzi, yaani baba na mama yake. Mimi nina miaka 39. Fomu inaponiuliza kipato cha wazazi wangu, niandike pensheni ya mama ambayo ni mimi ninayeiongezea?

Mtoto wa Tanga, Leicester

Dada yangu ameuliza kama ni kwetu tu. Si kwetu tu, na Uingereza ni mfano wa kufikirisha kwa sababu hapa mlango ulifunguliwa mapema mno, kisha ukarudishwa nusu bila mtu kutamka neno "kufunga".

Open University, chuo kikuu huria cha hapa, ilipewa hati yake mwaka 1969 na kuanza kufundisha mwaka 1971, kwa redio, televisheni na vitabu vya posta. Haikutaka cheti chochote cha sekondari. Dereva wa basi aliyeacha shule akiwa na miaka 15 alijiandikisha kwa shahada kama mtu mwingine yeyote, na ada ilikuwa ya chini kwa kuwa serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama. Mwaka 2012 serikali iliondoa kwa England sehemu kubwa ya ruzuku ya kufundishia, ada zikapanda, na badala yake wanafunzi wa muda, yaani wanaosoma kidogokidogo huku wakifanya kazi, wakaruhusiwa kukopa ada kama wale wa kutwa, wanaosoma muda wote. Kwa karatasi ilikuwa hatua ya usawa. Kilichotokea ni kwamba katika muongo ule wanafunzi wa muda wa ngazi ya shahada walipungua kwa zaidi ya nusu. Mtu wa miaka 40 mwenye nyumba ya kulipia na watoto hakuliona lile deni kwa jicho la kijana wa miaka 18. Alilitazama, akafunga kompyuta, akaendelea na kazi yake. Kwa hiyo, pamoja na heshima zangu kwa Karani wa Mishahara, nasema mkopo peke yake si dawa. Wales, ambako serikali yao iliamua kuanzia mwaka 2018 kuwapa wanafunzi wa muda msaada wa kujikimu kwa uwiano sawa na wa kutwa, sehemu yake ikiwa ruzuku isiyorejeshwa, watu wazima walirudi kwa wingi. Scotland mwenye kipato kidogo husaidiwa ada ya masomo ya muda kwa ruzuku. Ni nchi moja ya mfalme mmoja, na mama mwenye kazi ileile na watoto walewale anasoma au hasomi kutegemea upande wa mpaka anaoishi.

England sasa wanajiandaa kuleta utaratibu mpya ambao utamwezesha mtu kukopa ada ya masomo yenye thamani ya miaka minne katika maisha yake yote, hadi umri wa miaka 60, kwa masomo yatakayoanza mwaka 2027. Umri wa miaka 60, dada, si 35. Tutaona kama hofu ya deni itapungua.

Langu binafsi: ninahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, zamu za usiku, na nilianza shahada nikiwa na miaka 36 baada ya kupata ukaazi wa kudumu, kwa sababu kabla ya hapo nilihesabiwa mgeni na ada ya mgeni ilikuwa haisemeki. Miaka mingi niliyokuwa nikilipa kodi hapa haikuingia kwenye hesabu hiyo. Nimebakiza masomo mawili. Ninasoma kuanzia saa tisa usiku, wazee wakiwa wamelala na kengele zimetulia, na mara nyingi ukurasa mmoja hunichukua usiku mzima.

Mlipakodi, Mwanza

Nimewasoma wote. La yatima silirudishi nyuma, lakini hili la SDL sikuwa ninalijua, na mkopo wa ada tupu unaokatwa kazini palepale siwezi kusema unamnyang'anya kijana chochote. Ukiwekwa kwenye fungu lake peke yake, nitaukubali.

Mtunza Ghala, Iramba

Ndugu zangu, asanteni sana. Nimekaa na daftari jana usiku baada ya watoto kulala, nikaandika kama alivyoagiza Mwalimu. Stashahada kwa miaka miwili, nikilipa kwa awamu, ninaiweza kwa shida. Kinachozidi ada ni zile safari za Singida mjini pamoja na gesti, na siku ninazokatwa. Nimezijumlisha mara tatu nikidhani nimekosea.

Leo mchana nimezungumza na mwenye kiwanda. Nilimuuliza lile la PSPTB na kweli alishangaa. Hakuwa amewahi kulifikiria, na amesema ataulizia. Kuhusu ruhusa, amekubali nisikatwe mshahara kwa juma la mitihani, mara mbili kwa mwaka, mradi isiwe Juni na Julai wakati magunia yanapofurika. Nimemwomba pia anikopeshe nusu ya ada na kunikata kidogokidogo. Hilo hakulijibu, alisema nimpe muda. Nimemwachia daftari langu ili azione hesabu mwenyewe.

Nina swali moja lililobaki kwa Mwalimu, shikamoo kwanza. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la baba. Kitambulisho cha NIDA na barua ya ajira vina jina la mume wangu, na cheti cha astashahada kimechanganya yote mawili kwa mpangilio ambao hata mimi siutambui. Nitaombea udahili kwa jina lipi?

Mwalimu Mstaafu, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Omba kwa jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne, kwa sababu mfumo wa udahili huvuta taarifa zako kwa namba ya mtihani ya NECTA, na jina lisipolingana na namba hiyo maombi yanakwama. Kwa hizo karatasi nyingine, nenda kwa wakili au mahakamani ukaandikishe hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, kisha utoe nakala kadhaa zilizothibitishwa. Cheti cha astashahada kianze kurekebishwa chuoni sasa hivi, kabla hujapeleka maombi, maana huko ndiko watakakokuchelewesha. Nimeliona jambo hili kwa wanawake karibu kila msimu wa udahili, na kwa wanaume sikumbuki hata mara mbili. Dirisha la Machi lipo kwa baadhi ya vyuo, ila kwa hali ya karatasi zako ninakushauri ulenge la Septemba. Ukienda kukifuata cheti, omba pia wakupe matokeo yako ya masomo yote kwa karatasi moja, yenye muhuri.